Ukawa Nini? Mseto wa Kati na Kura za Kibondo

Neno “mseto” halikuzaliwa katika siasa. Lilizaliwa jikoni, na lingali huko kila nyumba ya pwani inapopika mchele na chooko katika sufuria moja. Mpishi wa Unguja au wa Pemba hahitaji kufunzwa kwamba chooko hutangulia kuchemka peke yake, kwa kuwa ni ngumu, na mchele hufuata baadaye. Anayevitia vyote kwa pamoja hupata mchele uliorojeka na chooko ambazo bado zinalia menoni. Tena asili ya neno lenyewe ni kuseta, yaani kuponda. Lugha iliona mapema jambo ambalo wanasiasa huchelewa kuliona: kwamba ndani ya kuchanganya mna kuponda, na kwamba swali la kwanza la kila mseto ni nani atakayepondwa.

Swali hilo limerudi mlangoni. Uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika CHADEMA ikiwa imezuiwa kushiriki na mgombea urais wa ACT-Wazalendo akiwa ameenguliwa. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura, na damu ikamwagika katika miji kadhaa ya Bara. Katika magofu ya namna hiyo ni kawaida ushauri mmoja kutangulia mingine yote: vyama vya msimamo wa kati, visivyotaka kumezwa na serikali wala kuingia katika ghasia, vijikusanye viwe kambi moja. Umoja ni nguvu, husemwa, na mkataa wengi ni mchawi.

Hakuna aliye na akili timamu atakayeukataa umoja kwa jina lake. Lakini umoja huu umekwisha kujaribiwa, na bei yake ililipwa mahali ambapo washauri wa umoja hawapataji. Mahali hapo ni Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, kwenye mpaka wa Burundi. Anayetaka kujua kama chama cha wastani kiingie katika mseto wa kati, na kiingie vipi, aanzie huko.

Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza Kibondo inamhusu nini. Inamhusu sana. Tarehe 18 Machi 2019, baada ya Mahakama Kuu kumpa Profesa Ibrahim Lipumba ushindi katika mgogoro wa uongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake walishusha tanga na kulipandisha kwingine. Mlingoti waliopandishia tanga hilo ulikuwa ACT-Wazalendo, chama ambacho kiongozi wake wakati huo, Zitto Kabwe, ni mtoto wa Kigoma, na ambacho mbunge wake mmoja tu wa kuchaguliwa mwaka 2015 alitoka Kigoma Mjini. Tangu siku hiyo siasa ya Pemba na siasa ya Kigoma zimekuwa abiria wa chombo kimoja. Abiria wa chombo kimoja hana budi kujua mwenzake alizamia wapi safari iliyopita.

Safari iliyopita ilikuwa ya NCCR-Mageuzi. Chama hiki kilichipuka mwaka 1991 katika kamati ya kudai mageuzi ya katiba, kabla hata mfumo wa vyama vingi haujarudi. Kwa asili yake kilikuwa chama cha hoja: wanasheria, wasomi, vijana wa vyuo, watu walioamini kwamba nchi hurekebishwa kwa kurekebisha sheria yake mama. Mwaka 1995 kikampokea Augustine Lyatonga Mrema, aliyetoka CCM na katika baraza la mawaziri. CHADEMA haikusimamisha mgombea urais ikamuunga mkono, na Mrema akapata karibu asilimia 28 ya kura za urais. Chama kikapata majimbo 16. Ilionekana kama alfajiri.

Haikufika adhuhuri. Mgeni na wenyeji waligombania nyumba, wakapelekana mahakamani, na mwaka 1999 Mrema akahamia TLP. Mwaka 2000 NCCR-Mageuzi ilibaki na jimbo moja. Mwaka 2005 haikupata hata moja. Chama kilichokuwa na hoja kabla ya kuwa na mtu kilimpata mtu kikapoteza hoja. Mtu alipoondoka, hakikubaki na kimoja wala kingine.

Kisha ukaja mwaka 2010, na Kigoma ikakifufua. Katika majimbo manane ya mkoa huo, NCCR-Mageuzi ilichukua manne: Muhambwe, ambalo ndilo jimbo la Kibondo, kwa Felix Mkosamali, Kasulu Mjini kwa Moses Machali, Kasulu Vijijini kwa Agripina Buyogera, na Kigoma Kusini kwa David Kafulila. Majimbo hayo manne ndiyo yaliyokuwa majimbo yote ya chama hicho katika nchi nzima. Mgombea wake wa urais, Hashim Rungwe, hakufikisha hata nusu ya asilimia moja ya kura. Maana yake iko wazi kama mchana: watu wa Kibondo na Kasulu hawakufuata bendera ya kitaifa, kwa kuwa bendera hiyo kitaifa ilikuwa imelala chini. Walichagua watu wao kwa mambo yao, na chama kikapata uhai kwa sababu kilikubali kuwa chombo cha mambo hayo.

Mambo hayo yalikuwa yapi? Barabara kwanza. Njia ya kutoka Manyovu kupita Kasulu na Kibondo hadi Kabingo ilikuwa ya vumbi kiangazi na matope masika, na mkoa ukaishi kama umetengwa na nchi yake. Umeme ulitokana na jenereta za mafuta. Ilikuwa Oktoba 2022 ndipo Rais alipozima jenereta za Kasulu na wilaya hiyo ikaingia katika gridi ya taifa. Na juu ya yote palikuwa na jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulikisia: uraia. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na majina ya pande mbili za mpaka yanafanana. Kwa miaka mingi wananchi wa mkoa huo wamelalamika, na wabunge wao wamelifikisha suala hilo Bungeni, kwamba Mtanzania wa kuzaliwa hutakiwa athibitishe kuwa si Mrundi. Mtu anayeulizwa uraia wake nyumbani kwake ana haja kubwa na mbunge anayejua swali hilo linavyouma.

Hilo ndilo lililokuwa jahazini wakati viongozi walipoamua kubadilisha safari.

Mwanzo wa UKAWA ulikuwa mwema, na haki itendwe kwa kulisema hilo. Aprili 2014, wajumbe wa CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi, NLD na wenzao walitoka katika Bunge Maalum la Katiba mjini Dodoma, kwa hoja kwamba rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, yenye muundo wa serikali tatu, ilikuwa inachanwa mbele ya macho yao. Wakajiita Umoja wa Katiba ya Wananchi. Kwa NCCR-Mageuzi ilikuwa kama kurudi nyumbani: chama kilichozaliwa kikidai katiba kilikuwa kimepata tena wenzake wa kudai katiba. Visiwani nako suala la muundo wa Muungano halihitaji kufafanuliwa. Ni wimbo unaojulikana tangu kituo hadi mwanzo. Mseto ule ulikuwa na jambo, na jambo lilikuwa kubwa kuliko wachanganyaji wake.

Lakini aliyelichagua jina lile, ama alikuwa na sikio kali la lugha ama hakuwa nalo kabisa. “Ukawa” ni kitenzi ambacho hakijafika mwisho. Umoja ukawa… ukawa nini? Kiswahili hakiruhusu sentensi hiyo ikome hapo, inadai kijalizo. Na kwa miezi kumi na mitano mchezo wote wa siasa ya upinzani ulikuwa ni nani atakayekijaza.

Oktoba 2014 viongozi wa vyama vinne walitia saini makubaliano katika viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam, ya kusimamisha mgombea mmoja kila ngazi. Hapo katiba ilianza kurudi nyuma na uchaguzi kusogea mbele. Tarehe 28 Julai 2015 Edward Lowassa alijiunga na CHADEMA baada ya jina lake kukatwa CCM, na kwa muda mfupi akawa mgombea urais wa UKAWA nzima. Huyu alikuwa Waziri Mkuu aliyejiuzulu Februari 2008 kwa kashfa ya Richmond, kashfa ambayo upinzani huo huo uliipigia mbiu kwa miaka saba. Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF mwezi Agosti. Dakta Willibrod Slaa, aliyekuwa mgombea wa CHADEMA mwaka 2010, akatangaza kuacha siasa za vyama. Kijalizo kilikuwa kimepatikana: umoja ukawa Lowassa.

NCCR-Mageuzi ilibaki. Mwenyekiti wake, James Mbatia, mtu wa maneno ya kupimwa, ambaye Rais Kikwete alikuwa amemteua kuwa mbunge mwaka 2012, alikuwa miongoni mwa wenyeviti wenza wa umoja huo. Chama chake kilikuwa kimeumia na mgeni mmoja kutoka CCM mwaka 1995. Sasa kikambeba wa pili. Septemba 2015 baadhi ya viongozi wa chama hicho walilalamika hadharani kwamba majimbo yao yanamezwa na mshirika mkubwa. Walichukuliwa kuwa wasaliti. Ndivyo ilivyo desturi ya mseto mbovu: anayesema chumvi imezidi huambiwa hapendi watu wale.

Matokeo yanajulikana, ila hayajasomwa kwa mizani inayostahili. Kitaifa Lowassa alipata karibu asilimia 40, fungu kubwa kuliko lote lililopata kufikiwa na mgombea urais wa upinzani Tanzania tangu vyama vingi virudi. CHADEMA iliyokuwa na majimbo 23 mwaka 2010 ilivuka 30. CUF iliyokuwa na 24 nayo ilivuka 30. NCCR-Mageuzi iliyokuwa na manne ilirudi na moja, Vunjo, la mwenyekiti wake, huko Kilimanjaro. Muhambwe, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Kigoma Kusini yote yalikwenda CCM. Katika eneo lote la Kibondo ya zamani, ambayo mwaka 2012 ilimegwa ikazaa wilaya ya Kakonko, upinzani ulipata Buyungu, na jimbo hilo lilikwenda kwa Kasuku Bilago wa CHADEMA. Wali uliumuka, chooko zikapotea.

Watetezi wa mseto ule wana majibu, nayo yastahili kusikilizwa. Husema kwamba Kigoma ilipotea kwa sababu ACT-Wazalendo, iliyokuwa nje ya UKAWA, iligawa kura za upinzani, na kwamba Machali mwenyewe alikwisha kuhamia chama hicho. Husema pia kwamba Magufuli, mtu wa Chato na waziri wa barabara, alikuwa jirani wa kaskazini ambaye Kibondo ilimjua kwa kazi. Yote mawili ni kweli. Lakini hebu yatazamwe kwa makini. ACT iliota wapi kama si katika nafasi iliyoachwa wazi? Mpiga kura aliyetaka mbunge wa Kigoma kwa mambo ya Kigoma alitazama karatasi akaona kwamba chama chake cha 2010 sasa kimefungwa kamba na safari ya mtu wa Monduli. Na Magufuli angewezaje kushindanishwa kwa barabara na mtu ambaye sera yake kuu ilikuwa kwamba si CCM, ilhali miezi michache kabla alikuwa ndiye CCM? Mseto ulimnyang'anya mgombea wa Muhambwe silaha pekee aliyokuwa nayo, yaani kuwa wa pale.

Kilichofuata ni somo chungu zaidi. Machali alihamia CCM mwaka 2016. Kafulila alikwenda CHADEMA, kisha mwaka 2017 akaingia CCM. Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, na huko akabaki hadi kifo chake Februari 2024. Bilago alifariki Mei 2018, na uchaguzi mdogo ukairudisha Buyungu CCM. Mwaka 2020 majimbo yote manane ya Kigoma yalitangazwa kuwa ya CCM, katika uchaguzi ambao upinzani uliukataa. Mwaka 2022 NCCR-Mageuzi iliparaganyika katika ugomvi uliomwondoa Mbatia uenyekitini. Na katiba, ile iliyoupa umoja jina? Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haikupigwa. Mtu aliondoka na mlango aliojia, na jambo likabaki barazani likinyeshewa mvua.

Kauli inayorudiwa sana katika mabishano haya ni hii: “Kwanza kuiondoa CCM, mengine yatajulikana baadaye.” Ina mvuto wa vita, na ina mantiki ya hesabu, kwa sababu Tanzania mshindi wa urais ni yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata asipofika nusu, na jimbo nalo ni la anayetangulia. Anayegawa kura hujichinja. Lakini “mengine” yanayosukumwa baadaye ndiyo yaliyomtoa mtu nyumbani kwake Kasulu akapange foleni. Kumwambia asubiri ni kumwambia kwamba yeye ni ngazi. Na ngazi, kama wajuavyo mafundi, huachwa chini mara paa linapofikiwa.

Tena si kweli kwamba ushindi wenyewe huleta yale “mengine”. Kenya walishinda. Mwaka 2002 Mwai Kibaki na Raila Odinga waliunganisha kambi zao katika NARC, wakaiangusha KANU iliyotawala tangu uhuru. Waliandikiana makubaliano ya kugawana madaraka, wakawaahidi wananchi katiba mpya kwa haraka. Makubaliano hayo yaliwekwa kando baada ya kiapo. Mwaka 2005 washirika hao hao walisimama pande mbili za kura ya maoni, na katiba mpya ilisubiri hadi Agosti 2010, baada ya damu ya 2007 na 2008. Karatasi iliyotiwa saini na wakubwa peke yao huishi muda wa haja ya wakubwa.

Kuna fundisho lingine, nalo Kibondo haikulisoma kitabuni. Lilivuka mpaka kwa miguu. Juni 1993 Melchior Ndadaye wa FRODEBU, chama cha wastani, alishinda urais wa Burundi kwa kura nyingi, akamteua Sylvie Kinigi wa UPRONA kuwa Waziri Mkuu ili wapinzani wasijione wametupwa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo wanajeshi walimuua. Waliobaki katika FRODEBU walijaribu kuokoa nchi kwa mseto: Septemba 1994 walitia saini na UPRONA na vyama vidogo Mkataba wa Serikali, uliowapa wapinzani sehemu kubwa ya madaraka ambayo hawakuyapata kwa kura. Nia ilikuwa njema. Lakini wapiga kura wa 1993 waliona ushindi wao unagawanywa mezani bila ya wao kuulizwa. Léonard Nyangoma akajitenga, akaunda CNDD, na wengi wakaona mtutu wa bunduki una kauli kuliko karatasi ya kura. Jeshi nalo halikuridhika, na Julai 1996 likapindua serikali. Waliobaki katikati hawakuwa na mtu nyuma yao.

Wakimbizi wa miaka hiyo walijaa Kibondo na Kasulu. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, yaliyoanza kusimamiwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, yalisaidia wengi kurejea. Kisha mwaka 2015, mwaka ule ule wa UKAWA, mgogoro mpya ulipozuka Burundi, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena. Kwa hiyo mwananchi wa Kibondo hahitaji kuambiwa na mtu wa Jangwani faida za maelewano. Anajua kuliko yeyote kinachotokea pale watu wa kati wanaposhindwa. Anajua pia kwa nini hushindwa: wanapopatana wao kwa wao juu ya vichwa vya waliowatuma.

Hapa ndipo Zanzibar ina neno la kusema, na neno lenyewe ni “maridhiano”. Litazamwe umbo lake: kuridhi, kuridhia, kuridhiana. Ndani yake mna ridhaa, na ile -ana ya mwisho inaidai ridhaa hiyo kutoka pande zote mbili. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Hawakuishia hapo. Suala lilipelekwa Baraza la Wawakilishi, na tarehe 31 Julai 2010 likapelekwa kwa watu wenyewe katika kura ya maoni, na theluthi mbili ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Katiba ikarekebishwa. Uchaguzi ulipokwisha, mpiga kura wa CUF wa Pemba alimkuta mtu wake serikalini akiwa bado ni CUF, na wa CCM akabaki na CCM yake. Chooko zilionekana, mchele ulionekana.

Atasema mtu: na yakawaje? Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi mzima kwa tangazo moja, na Machi 2016 ukarudiwa CUF ikiwa imesusa. Ni kweli, na jeraha hilo halijapoa. Ridhaa ya watu haizuii dhulma. Lakini hufanya dhulma ijulikane kwa jina lake. Mzanzibari alijua nini kilichovunjwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekipigia kura. Ndiyo maana Machi 2019 aliweza kuhama: matawi yalibadilishwa rangi kuwa zambarau kwa siku chache, maskani baada ya maskani, bila ya mtu kulazimishwa. Na ndiyo maana Disemba 2020 ACT-Wazalendo ilipoingia tena katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa, baada ya uchaguzi wenye machungu makubwa, wanachama walibishana kwa ukali lakini chama hakikusambaratika. Wanaobishana juu ya mali yao hawaitupi.

Kibondo haikupewa nafasi ya kubishana. Hiyo ndiyo tafauti yote.

Basi chama cha wastani kiunge mseto wa kati, au kikae peke yake kilinde usafi wake? Kukaa peke yake si jibu. Usafi wa asiyegusa kitu ni usafi wa kaburi, na NCCR-Mageuzi ya mwaka 2005, iliyokuwa haina jimbo, haikumdhuru mtu wala kumfaa mtu. Chama cha wastani kipo ili kipatane. Kisichopatana ni chama cha wasemaji. Lakini kina haki ya kupatana kwa kile tu ilichokabidhiwa, na kwa idhini ya waliokikabidhi.

Kutoka hapo masharti hujitokeza yenyewe. Kwanza, mseto uundwe juu ya jambo linalotajika kwa sentensi moja, na jambo hilo lisiweze kubadilishwa na mtu yeyote anayejiunga baadaye, hata awe na kura milioni mfukoni. UKAWA wa Aprili 2014 ulitimiza sharti hili. UKAWA wa Julai 2015 uliliuza. Pili, makubaliano yasomwe na kuamuliwa katika matawi ya majimbo ambayo chama kinayashikilia, kabla ya saini ya mwenyekiti. Kama Kasulu itakataa, mwenyekiti arudi na habari hiyo kwa washirika wake, aone kama wanamtaka yeye au wanataka kura za Kasulu bila ya Kasulu. Tatu, mdogo ahifadhiwe palipo pake. Mkubwa anayehitaji majimbo ya mdogo ili awe mkubwa zaidi ni mwindaji tu, hata akija amevaa kanzu ya ushirika. Nne, mseto uwe na siku ya kwisha na mlango wa kutokea, ili anayetoka asiitwe msaliti kwa kutimiza mkataba.

Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yameutambua ushirika wa vyama na kuuweka chini ya macho ya Msajili. Hilo huenda likaondoa utata wa karatasi. Haliondoi utata wa moyo. Msajili anaweza kuridhika na mhuri. Mpiga kura wa Muhambwe haridhiki mpaka asikie jambo lake likitajwa.

Watasema masharti haya ni mazito, kwamba uchaguzi hauna subira na matawi hayana uelewa. Neno hilo la pili ndilo la kuogopwa. Watu waliokifufua chama mwaka 2010, wakati kilipokuwa kimekufa nchi nzima, hawakukosa uelewa. Waliokosa ni waliokizika upya miaka mitano baadaye wakiwa na makatibu, washauri na magari ya matangazo. Aliye Kibondo alifanya kazi yake. Alitoa majimbo manne ya mkoa wake kwa chama ambacho hakikuwa na kitu kingine, akangoja kuona yatatumiwa vipi.

Viongozi wa kati wanaotaka kukutana leo, wawe wa Bara au wa Visiwani, wana sababu njema ya kukutana. Wapande basi waende Kibondo kabla ya kwenda Jangwani. Barabara siku hizi si ile ya vumbi, kwa hiyo udhuru huo haupo tena. Wakifika wasihutubu. Waulize tu kwamba umoja huu unaotakiwa, ukawa nini? Kisha waandike jibu watakalopewa, hilo hilo, kwa lugha ile ile, wala wasilitie saini mpaka aliyelitoa aseme kwamba ndilo.